Pikapu ya Marehemu na Mguu wa Shebwana

Tangu nirudi Malindi nimeulizwa swali moja na watu wanne, na kila mmoja ameuliza akiwa amekaa vizuri, kikombe cha kahawa mkononi, kama mtu aliyekuja kucheka: ati ni kweli kuipigia gari resi, yaani kuikanyagia mafuta ikiwa imesimama, mpaka mwisho kunaua injini? Wa kwanza nilimjibu kwa dakika kumi. Wa pili kwa robo saa. Wa tatu alikuwa ameshasikia kwa wa kwanza, akawa ananisahihisha safari yangu mwenyewe. Basi naandika mara moja, msome, mniache ninywe kahawa.

Mambo ya yadi, mihuri na saini nawaondolea. Mnachohitaji kujua ni hiki. Dada yangu Mwanaidi anakaa Kipini. Mumewe alifariki mwaka jana huko Garissa, alikokuwa akibeba mizigo kwa pikapu yake ya dizeli, na pikapu ikabaki huko ikikusanya vumbi. Mwanaidi akapatana na wavuvi wa Kipini awe anawapelekea samaki Garsen, kuanzia Jumamosi. Wavuvi walisema wazi: Jumamosi gari isipokuwepo, kazi inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo pikapu ilitakiwa ifike Kipini Ijumaa, na ifike ikiwa hai.

Nikatumwa mimi. Katika ukoo wetu mimi ndiye nisiyekuwa na kazi ya kudumu na nisiyewahi kukataa safari, sifa mbili ambazo ndugu zangu huzitaja kwa heshima kila wanapohitaji mtu. Kuendesha hakukuwa kwangu. Upande wa marehemu walisema gari ya mtu wao itaendeshwa na mtu wao, wakamtoa mdogo wake, Shebwana, bwana wa miaka thelathini na mitano hivi, mpole, mwenye adabu, na mguu wa kulia usiokuwa na adabu hata kidogo. Yeye alitarajia, na alisema bila kuficha, kwamba tukifika salama Mwanaidi atamwachia usukani awe dereva wa samaki.

GARISSA HADI NJIA YA NANIGHI

Jumatano asubuhi Shebwana aliwasha gari, akasikiliza kidogo, kisha akakanyaga mafuta hadi chini. Gari imesimama, haina gia, haina safari, inanguruma peke yake kama mtu anayegombana na ukuta. Moshi mweusi ulifunika yadi. Mlinzi alitoka kibandani akadhani kuna moto, akarudi na ndoo ya mchanga. Shebwana akaachia, akakanyaga tena. Mara tatu.

"Shemeji," nikamwambia, "unaiua."

"Naisafisha koo, shemeji. Imelala mwaka mzima. Masizi lazima yatoke."

"Na yasipotoka masizi ikatoka injini?"

"Haiwezi. Ina kizuizi chake ndani. Ikifika mwisho inajizuia yenyewe. Aliyeitengeneza hakuwa mjinga."

Mimi niliishia kidato cha nne, na aliyetengeneza injini sikumfahamu hata kwa jina, basi ningebishana naye vipi?

Tulivuka daraja, tukashika barabara ya kusini. Gurudumu la kwanza lilipasuka kabla hatujamaliza kusifu barabara. La pili, lile la akiba, lilikuwa limeshapasuka zamani, likafungwa vizuri mahali pake bila kumwambia mtu. Tukakaa hadi saa nane kungoja mtu wa viraka aliyepigiwa simu na kusema yuko karibu. Nami niliwahi kusema niko karibu nikiwa bado kitandani, hivyo sikumlaumu.

Karibu na njia panda ya kwenda Nanighi tulisimama kwenye kibanda cha chai ya maziwa ya ngamia. Chai ile, jamani, ina moshi na chumvi na utamu kwa pamoja, na huwezi kujua umalize kwa sababu ni tamu au uache kwa sababu ni ya ajabu. Nikawa namaliza. Shebwana alichukua kikombe chake akaenda kunywa akiwa kwenye usukani, na kwa kuwa injini isingestahimili kukaa bila kusumbuliwa, akaiwasha na kuipigia resi "isije ikasahau".

Mama mwenye kibanda aliruka kama amechomwa. Alisimama mbele ya gari, upawa mkononi.

"Zima! Mwizi wewe! Kikombe changu!"

"Mama, sikimbii," Shebwana akasema, kikombe cha mama kikiwa mkononi mwake.

"Mtu hakimbii, analiza hivyo gari kwa nini?"

"Naisafisha koo."

Mama alinigeukia mimi. "Huyu mgonjwa?"

Nilimwambia ni shemeji yangu. Akasema pole, akanijazia kikombe cha pili.

HOLA

Nimelelewa Hola. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji, na mimi nilijifunza kuogelea kwenye mfereji ambao kila mzazi alikataza. Miaka yote, kokote nilikotangatanga, Lamu, Mombasa, Voi, hata Kitui nilikokaa miezi minane bila sababu yoyote, nimekuwa nikiwaambia watu kuhusu mfereji ule. Tulipofika jioni nilimwomba Shebwana tuzunguke niuone. Mahali pake pana duka la kuuza betri za simu. Nilisimama mbele ya duka hadi mwenyewe akaniuliza nataka ya aina gani.

Usiku tulilala, na alfajiri mwadhini aliamka, jogoo akaamka, na Shebwana akaipigia gari resi mara tatu nje ya dirisha la nyumba ya wageni. Wageni wote tukaamka pamoja, kama darasa.

Basi kwenye hoteli ya Mama Habona, tukila mahamri na maharagwe ya nazi, kesi ilifunguliwa rasmi. Nusu ya waliolala ile nyumba walikuwa pale, na macho yao hayakuwa na usingizi wala upendo.

Mzee mmoja aliyewahi kusimamia pampu za mashamba alisema taratibu: "Kijana, injini ikilala, oili yote inashuka chini kwenye bakuli lake. Unapowasha, inahitaji muda ipande. Wewe unakanyaga kabla haijapanda. Juu huko chuma kinasaga chuma."

"Mzee, lakini ina kizuizi," akasema Shebwana.

"Kizuizi kinazuia isiruke vipandevipande. Hakizuii isilike. Wewe una meno, si ndiyo? Kinywa kina mfupa wa taya unaozuia yasitoke nje. Tafuna kokoto basi."

Hoteli ikacheka. Mwalimu mmoja akaingilia, akasema yeye amesikia magari ya mashindano yanapigwa hivyo kutwa. Mzee akamwuliza yanadumu muda gani. Mwalimu akasema hilo hakusikia.

Mama Habona alikuwa akigeuza mahamri, hakututazama. "Hili jiko langu nikilichochea sana, mahamri yanaungua nje, ndani mabichi. Na nyinyi hamfiki Garsen mapema kwa kelele."

"Lakini mama," Shebwana akasema, "gari yangu si hamri."

"Bado," akasema Mama Habona.

Mimi nilidhani kesi imekwisha na hukumu imetoka. Tulipotoka, Shebwana akanishika bega kwa furaha. "Umesikia, shemeji? Mzee amekubali kizuizi kipo."

NYIKANI, KATI YA HOLA NA GARSEN

Alhamisi ilikuwa kali. Mvua ilikuwa imechelewa, miti yote ya kando ya barabara imebaki miiba. Tulikuwa tumekwenda saa moja na ushei tulipokuta ng'ombe wamelala barabarani. Kama arobaini hivi, pembe ndefu, mbavu zinahesabika, hawana haraka. Honi ya pikapu ilikuwa imekufa pamoja na mwenyewe. Shebwana akapiga makofi dirishani. Akapiga mlango. Ng'ombe mmoja akageuza sikio.

"Watatoka sasa hivi," akasema, na mnajua alichofanya.

Alikanyaga hadi chini, akashikilia. Hakuachia kama asubuhi. Alishikilia dakika nzima, mbili, injini ikilia kwa sauti moja ndefu. Ng'ombe walisimama. Nikasema kimoyomoyo kwamba kumbe nimemwonea mtu huyu, ana akili. Kisha ng'ombe wakaanza kuja kwetu.

Walikuja kwa mbio ndogo, kama watu walioitwa kula. Wakaizunguka gari. Mmoja akaanza kulamba boneti. Shebwana akasema hawajasikia vizuri, akaongeza. Wakatokea wengine kutoka kichakani upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, kundi zima lililokuwa mbali linakuja na vumbi lake. Sikuwahesabu, niliacha nilipoona hakuna tena barabara. Ulimi mmoja mkubwa ukaingia dirishani kwangu ukanipangusa kutoka kidevuni hadi kwenye nywele.

Nyuma yao akaja mwenyewe, bwana wa Kiorma wa umri wangu, fimbo begani, amefunga kilemba, uso wake si wa mtu anayekuja kusalimia. Alisukuma ng'ombe wawili akafika dirishani.

"Zima."

"Tunawafukuza, ndugu," Shebwana akapaza sauti juu ya ngurumo.

"Wewe hapana fukuza. Wewe naita. Zima!"

Alizima. Kimya kikaingia, na ndani ya kimya hicho maji ya rejeta yakaanza kuchemka, mvuke ukitoka kila upande wa boneti. Mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho wa kibao, hauna pa kwenda.

Bwana yule, jina lake Barisa, alitueleza kwa Kiswahili kifupi na subira ndefu. Huko mbele kuna kisima chenye pampu ya dizeli. Wakati wa kiangazi ng'ombe hawaelekezwi; pampu ikiwashwa ikalia, wanasikia, wanakwenda wenyewe hadi kwenye birika la kunyweshea. Ndivyo walivyofundishwa tangu wakiwa ndama. Siku hiyo walikuwa wameanza kuelekea huko. Kisha wakasikia pampu nyingine, karibu zaidi, na yenye nguvu zaidi. Wangefanya nini? Wakageuka.

"Sasa hawa naona wewe iko maji," akasema Barisa. "Hapana toka."

"Waswage waende kisimani," nikamwambia.

"Nikiswaga, wanaenda. Lakini kesho? Kesho pampu nalia, wao nasema, ah, ile ya uongo. Mimi nakaa miaka sita fundisha hawa. Wewe naharibu na mguu moja."

Nyuma ya pikapu tulikuwa na mtungi mmoja wa lita ishirini. Yale ndiyo maji pekee kati yetu na Garsen. Injini iliyataka yote. Barisa naye akautazama.

"Mpe huyu," akasema, akamshika pembe ng'ombe mmoja mweupe, mkubwa, mwenye sikio lililopasuka. "Huyu mama yao. Yeye akikunywa, wote nasema basi, ilikuwa kweli, imeisha tu. Watafuata yeye."

Shebwana akanitazama. "Shemeji, tukimpa huyu tukabakiwa na nusu, rejeta haitajaa."

"Tusipompa," nikasema, "tutakaa hapa mpaka Jumamosi tukilambwa."

Tukatoa karai la marehemu chini ya kiti, tukamimina nusu ya mtungi. Mama yao akanywa bila haraka, wengine mia wakimtazama kama wageni wanaomtazama bwana harusi akila peke yake. Alipomaliza alilamba karai, akatafakari kidogo, akageuka akaondoka. Na wote, nawaambia, wote wakamfuata bila neno.

Shebwana alishika kitambaa ili afungue kifuniko cha rejeta aimwagie maji papo hapo. Nilimzuia mkono, na Barisa akamzuia wa pili. Rejeta ya moto ukiifungua inakubabua; hilo hata mtu asiye na gari analijua. Tukangoja ipoe. Tulikaa muda wa saa tatu kwenye kivuli chembamba cha pikapu, Barisa akatupa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake kilichofukizwa, na hakuna aliyezungumza juu ya injini isipokuwa yeye, mara moja tu.

"Ile pampu ya kisima," akasema, "bwana wa pampu hapana kanyaga hivi. Nawasha pole. Nangoja. Halafu ndiyo nalia. Miaka mingi sasa, bado."

Alasiri tukaimimina ile nusu iliyobaki kwenye rejeta, gari ikawaka. Lakini sauti ilikuwa nyingine. Chini ya mngurumo palikuwa na mtu anabisha hodi: ko, ko, ko.

GARSEN

Tuliingia Garsen magharibi kwa mwendo ambao baiskeli mbili zilitupita, ya pili ikiwa imebeba gunia. Ijumaa asubuhi, kwa mara ya kwanza, Shebwana hakuipigia gari resi. Aliiwasha kwa ncha ya kidole, akatazama pembeni.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini kwenye sikio lake, akasikiliza kama daktari. Kisha akasema tuzime, akaingia chini, akafungua bakuli la oili, na kwa saa mbili tukawa tunaona miguu yake tu.

Alipotoka alikuwa na vipande vya bearing kwenye kiganja, zile pete za chuma laini zinazoikalia kranki, mtaimbo mkuu unaozunguka ndani ya injini. Vilikuwa vimeliwa hadi rangi ya shaba ikatokeza. Na nyuma ya kimoja palikuwa na kipande chembamba cha bati, kimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kopo la maziwa; maandishi yake bado yalikuwa yanaonekana.

"Hii kranki imekwisha," akasema. "Nani alikuwa akiiendesha?"

"Mimi," akasema Shebwana. "Jana niliikanyaga sana. Ikachemka."

Fundi akatikisa kichwa. "Ya jana naiona. Ya jana ni rejeta na hofu. Injini iliyo nzima ukiipeleka mpaka mwisho siku moja, ikachemka ukaizima, ingekuvumilia. Mngelaani ng'ombe mkaenda zenu. Hii si ya jana. Hii ni ya mtu aliyekuwa akiikanyaga ikiwa baridi kila asubuhi, miaka. Ikaanza kugonga. Akaweka bati hili kuziba nafasi iliyolika ili inyamaze. Alijua."

Shebwana alichukua kile kipande cha bati. Alikigeuza mara mbili.

"Ni kaka," akasema. "Ndiye aliyenifundisha. Kila asubuhi mara tatu. Nikimuuliza, alisema anaisafisha koo."

"Aliisafisha akaimaliza," akasema fundi. "Mwambie…"

"Ni marehemu."

"Mungu amrehemu," akasema fundi haraka, akaanza kufuta mikono.

Aliturudishia kila kitu ndani ya injini kama kilivyokuwa, pamoja na bati lake. Alisema bila mzigo, polepole, itafika Kipini. Kubeba samaki, hapana. Kranki lazima ichongwe, na mashine ya kuchonga haiko karibu kuliko Malindi.

Mimi siku tatu nilikuwa na kejeli tayari kwa kila neno la Shebwana. Nilizitafuta pale, sikupata hata moja.

KIPINI

Tukashika njia ya Minjila, kisha Witu, pikapu ikibisha hodi katika kila kijiji. Njiani Shebwana alisema jambo moja tu: "Shemeji, mambo ya bati ni ya Garsen. Yabaki Garsen."

Mwanaidi alikuwa amejitayarisha. Makasha ya samaki yalikuwa yameoshwa na kuanikwa uani, maturubai mapya yamekunjwa. Alitoka mlangoni akitabasamu, na kabla hatujasimama tabasamu likaondoka. Alikuwa mke wa dereva miaka kumi na moja, hakuhitaji bisibisi.

"Inagonga," akasema. "Kaka, inagonga. Nani ameiua?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Shebwana ndiye aliyejibu.

"Ni mimi, shemeji. Niliipigia resi njia nzima. Asubuhi mbili, ikiwa baridi. Na jana nyikani mpaka ikachemka. Kaka yako huyu alinikataza, sikumsikia."

Hapakuwa na neno la uongo hapo. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

"Ni kweli, kaka?"

"Nilimkataza," nikasema.

Mwanaidi aliizunguka pikapu taratibu, mkono wake ukipita juu ya bodi iliyochakaa. "Miaka yote ile aliitunza kama mboni ya jicho," akasema. "Haikumlaza njiani hata siku moja. Wewe siku tatu tu, Shebwana."

"Ndiyo, shemeji."

"Lete ufunguo."

Aliutoa, akauweka mkononi mwake. Kazi aliyoitarajia ilikwenda na ule ufunguo, na alijua. Jumamosi alfajiri samaki wa Kipini waliondoka na gari ya mtu mwingine. Makasha ya Mwanaidi yalibaki uani, na Shebwana alikuwa amelala chini ya pikapu tangu kabla ya sala, anafungua kranki kwa spana za kuazima.

Wiki iliyopita alikuja hapa Malindi, kranki ameipakata kwenye basi kutoka Garsen, imefungwa kwa kikoi kama mtoto. Nilimsindikiza kwenye mashine ya kuchonga. Wavuvi wamesema wataongea tena na Mwanaidi gari ikipona. Kabla hajaondoka aliniuliza, "Hujamwambia?" Nikamwambia sijamwambia. Akasema, "Basi," akaenda kutafuta chai.

Kwa hiyo jibu lenu ni hili: ndiyo, kunaua, lakini si siku ile, na mara nyingi si mguu ule mnaouona. Na kama kuna mtu kati yenu atafika Kipini akaulizwa ni nani aliyeiua ile pikapu, aseme Shebwana. Mwenyewe amekubali.